Kijana wa miaka 14 hapendi kusoma ila anapenda stori za mizimu. Nimchagulie vitabu vipi?

Mama Kijana: Wakuu, salaam. Mwanangu darasani yuko vizuri tu, ila kitabu hamalizi. Akifika ukurasa wa tatu anaanza kuhesabu zilizobaki. Lakini stori za mizimu na nyumba zenye mauzauza anazifuatilia kwenye simu mpaka usiku. Nilimletea vitabu vyepesi, akatazama majalada tu, akasema ni vya watoto. Hadithi ya mauzauza yenye fumbo ndani yake inaweza kumvuta? Niangalie nini?

Ticha Mstaafu: Itamvuta sana, dada. Tafuta lugha nyepesi, lakini wahusika na mambo yao yawe ya rika lake. Barrington Stoke, wachapishaji walioanzia Uskoti mwaka 1998, wamejikita humo: sura fupi, herufi zilizoachana, karatasi isiyo nyeupe pee. Usipopata vyao, tumia vigezo hivyohivyo. Mhusika mkuu awe amemzidi mwaka mmoja au miwili, maana vijana hupenda habari za waliowatangulia kidogo. Kisha soma ukurasa wa kwanza. Kama bado wanaelezea hali ya hewa, rudisha. Mlango uliofungwa kwa ufunguo uwe umeshakutwa wazi.

Baba Watatu: Mimi naona mizimu itamkosesha usingizi. Mpe michezo.

Mpenda Mafumbo: Ndugu yangu, hofu yako naielewa, ila hadithi hizi hazifanani. Zipo za kutisha tu, damu mwanzo mwisho, hizo aziache. Za fumbo zinamfanya msomaji apeleleze. Binti anasikia nyayo chumba cha juu kisicho na mtu. Anapekua daftari la zamani la shule, anakuta jina moja limekatwa kwa wino. Nani alilikata? Hapo kijana anafungua sura inayofuata kwa sababu anataka jibu, na akili inayotafuta jibu haina nafasi kubwa ya woga. Mimi huzipenda zaidi zile ambazo mpaka karibu na mwisho hujui kama ni mzimu kweli au kuna mtu anawachezea.

Mama Kijana: Nimewaelewa. Asipokipenda nimlazimishe amalize?

Mpenda Mafumbo: Hapana! Mwandishi Mfaransa Daniel Pennac aliorodhesha haki 10 za msomaji mwaka 1992, na kuruka kurasa na kuacha kitabu njiani zimo. Msomee sura ya kwanza kwa sauti, ukifika pale kitasa kinapozunguka chenyewe, kiache kitabu mezani uende zako. Usimuulize maswali ya mtihani.

Ticha Mstaafu: Naongezea, dada: akiwa anaruka mistari au anachanganya herufi, apimwe macho, na aonwe na mtaalamu wa matatizo ya kusoma. Wengine tunawaita wavivu kumbe maandishi yanawachosha kweli. Huyo mpe kitabu cha kusikiliza, huku akifuatisha maandishi kwa kidole.