Mjadala: Unaandika mtandaoni ili usomwe na wangapi?

Mchokozi wa Kihonda:
Wakuu, msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kunirarua asihangaike kunitafuta. Kusaka kiki kumeua uandishi wa Kiswahili mtandaoni kuliko uvivu ulivyouua. Kijana anaanza vizuri, anaandika kuhusu mpunga wa Kilombero, mbegu ipi inahimili maji na ipi inaoza. Anasomwa na watu hamsini, wote wakulima. Ukirudi baada ya muda unamkuta yuko kwenye udaku, nani kaachana na nani. Ukimuuliza anakujibu kwamba kule kwenye mpunga hapakuwa na watu. Wale hamsini hakuwahesabu kuwa watu!

Hoja yangu: idadi ya wasomaji, wafuasi na laiki zifichwe, msomaji asizione kabisa. Instagram ilijaribu kuficha laiki mwaka 2019, kisha 2021 ikamwachia kila mtu achague mwenyewe. Mimi nasema zifichwe kwa wote. Tubishane.

Dada wa Bando:
Kaka, wewe umeshiba. Mwenzio ananunua bando kwa hela ya vocha aliyoombea kwa shemeji. YouTube haikugawii pesa ya matangazo mpaka ufikishe wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video zako fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Haya niambie, mbegu ya mpunga itafika huko lini? Udaku unafika. Mnamlaumu kijana kwa kupenda umaarufu wakati yeye anatafuta kodi ya chumba, na mlango pekee aliofunguliwa ndio huo. Halafu wanaohubiri kuandika kwa moyo, wengi wana mshahara mahali pengine.

Mlalahoi Mstaafu:
Dada amesema kweli ila ameianzia katikati. Sisi tuliokuwepo tunakumbuka Ndesanjo Macha na blogu yake ya Jikomboe, tunakumbuka Issa Michuzi alivyoanza blogu yake 2005 na picha za harusi, misiba na mikutano, Watanzania wa ughaibuni wanafungua kila asubuhi kutafuta sura za nyumbani. Pembeni yao palikuwa na blogu ndogondogo nyingi za watu wanaoandika kwa sababu tu wana la kusema.

Ikaja 2018. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zikataka mwenye blogu aombe leseni TCRA, ile Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania: shilingi 100,000 ya maombi, milioni moja ya leseni, na milioni nyingine ya kila mwaka. Ukikaidi, faini isiyopungua milioni tano, au jela, au vyote viwili. Sasa piga hesabu. Mwenye matangazo na maelfu ya wasomaji alijikuna, akalipa. Mwalimu wa sekondari aliyekuwa anaandika historia ya kijiji chake alifunga duka. Ada zilikuja kushushwa, lakini waliokwisha kuondoka hawakurudi. Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini waliobaki wanafukuzia umati, nakwambia wasio na umati walitozwa mpaka wakanyamaza. Usimtwishe kijana mzigo wote.

Jirani wa Malenga:
Shikamoo mzee. Nakubali habari ya ada, ila tusidanganyane kwamba zamani watu waliandika bila kutaka sifa. Someni mashairi ya Mambo Leo, gazeti lililoanza 1923. Malenga hawakutuma tungo pale ili zikalale. Walitaka majina yao yajulikane kutoka Tanga hadi Kigoma, wakarushiana mafumbo, huyu akifunga yule anafungua, na aliyeshindwa kujibu alichekwa. Shaaban Robert naye alipita humohumo. Kupenda kusifiwa ndiko kulikotupa zile tungo. Anayesema haandiki ili asomwe, kwa nini asiandike daftarini akalifungia kabatini?

Mchokozi wa Kihonda:
Jirani, umenipa silaha mwenyewe. Yule malenga alihukumiwa na nani? Na malenga wenzake, watu wanaojua vina na mizani, wanaoweza kumwambia beti la tatu limepinda. Sifa aliitaka, sawa, ila aliitafuta kwa wajuzi, na njia ya kuipata ilikuwa kutunga vizuri zaidi. Huyu wa leo hakimu wake ni namba. Namba haimwambii beti lipi limepinda. Inamwambia tu jana ulikuwa juu, leo umeshuka, tafuta kelele nyingine. Sina ugomvi na umaarufu wa namna ile ya kwanza.

Bibi wa Ngamiani:
Mimi naandika kuhusu Ngamiani, Tanga, zile barabara za namba: nani aliishi barabara ya ngapi, nani alikuwa fundi cherehani, taarabu ilipigwa wapi. Wasomaji wangu ni wachache mno. Mmoja aliniandikia kutoka Muscat anaulizia nyumba aliyozaliwa mama yake, na tukaipata. Sijawahi kupata malipo yanayozidi hayo. Na bado kila nikiamka natazama nimesomwa na wangapi! Mkuu Mchokozi, ukimficha msomaji hizo namba, mimi utakuwa umenisaidia nini? Ninayezitazama ni mimi.

Dada wa Bando:
Bibi amemaliza. Wa kufichwa ni mwandishi.

Mchokozi wa Kihonda:
Basi afichwe na mwandishi pia, sina neno.

Dada wa Bando:
Na mwenye tangazo naye umfiche? Atalipa kwa kuangalia nini? Ukinijibu hilo bila kumrudisha yule kijana kwa shemeji kuomba vocha, nitakuunga mkono.