Hoho za ndooni zimepauka majani ya juu: niongeze chuma, nimwage maji au nipulize Epsom?

NdooSita: Wakuu, nisaidieni kuchagua. Nina miche sita ya pilipili hoho ndani, kila mmoja kwenye ndoo yake ya lita 20, mizizi iko majini, pampu ya hewa haizimwi, taa za LED juu. Wiki ya tano sasa. Majani machanga ya kileleni yamekuwa njano ila mishipa imebaki kijani, jani linaonekana kama ramani ya mito. Ya chini hayana neno. EC (kipimo cha wingi wa chumvi za mbolea majini) 2.3, pH (kipimo cha uchachu wa maji) 6.1, maji nyuzi 25. Nina mawazo matatu: kuongeza madini ya chuma, kumwaga maji yote nianze upya, au kupulizia chumvi ya Epsom. Lipi kwanza?

Bi Shina: Epsom ifute kabisa. Ile ni magnesiamu, na magnesiamu mche huihamisha: ikipungua, unayanyang'anya majani ya zamani ili kulisha machanga, kwa hiyo njano yake huanzia chini. Chuma hakihami, kikishaingia kwenye jani kimefika. Ndiyo maana njaa ya chuma huonekana juu, kama hiyo yako.

kijani_kibichi: Mimi ningemwaga. Ndoo ikishakaa wiki mbili tatu unaijazia juu tu, uwiano wa chumvi unavurugika. Nitrojeni na potasiamu zinanyweka haraka, kalsiamu na salfeti zinarundikana. EC inakwambia chumvi ni nyingi kiasi gani, haikwambii ni chumvi gani. 2.3 ya leo si ile 2.3 ya siku uliyochanganya.

FundiMaji: Jamani, kabla hamjammwagisha mwenzenu lita 120! Mkuu, hicho kipima pH mara ya mwisho ulikijaribu lini kwenye maji ya kusahihishia, yale yenye pH inayojulikana? Njano ya namna hiyo kwenye pH 6.1 mimi inanitia shaka.

NdooSita: Kusema ukweli, tangu nikinunue sijawahi. Huu ni mwezi wa nane ninacho.

FundiMaji: Haya sasa. Tafuta maji ya kusahihishia ya 7.00 na ya 4.01, suuza kichwa cha kipima kisha jaribu kote kuwili. Halafu soma kibandiko cha mbolea uone chuma chake kimeshikwa na nini, yaani kemikali inayokiweka kiyeyuke majini mche ukinywe. Kikiwa EDTA, pH ikivuka 6.5 hivi kinaanza kuachia. DTPA huvumilia hadi karibu 7.5, EDDHA hata 9. Kikishaachiwa kinageuka kuwa chembe za kutu, yaani kimo ndooni lakini mche hauwezi kukinywa. Ukiongeza kingine cha aina ileile, nacho kitaishia hukohuko.

Bi Shina: Na mizizi mbona hamuiulizii? Maji ya nyuzi 20 hushika oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 hushika 7.5 hivi. Joto likipanda mizizi inakosa pumzi, na kuvu wa kuozesha wanakuja. Mzizi uliooza hauchukui chuma hata pH iwe nzuri namna gani. Inua kifuniko unuse. Rangi peke yake isikutishe, mbolea nyingine huipaka mizizi. Vuta mzizi mmoja kwa vidole: ganda likichomoka ukabaki uzi mwembamba, hapo kuna uozo.

NdooSita: Nimerudi. Mizizi ina rangi ya chai ya maziwa, haitelezi, hainuki, ganda halichomoki. Mbolea ni EDTA. Sasa kioja: kwenye maji ya 7.00 kipima kimesoma 6.2! Kwa hiyo ile 6.1 yangu ilikuwa karibu 6.9 muda wote huu. Nimeona aibu.

FundiMaji: Usione aibu, karibu kila mmoja humu kashapita hapo. Una ndoo sita, zigawe mbilimbili uone mwenyewe. Mbili shusha pH tu kwa asidi ya fosforiki hadi 5.9, usizidishe nusu pointi kwa siku. Mbili mwaga uchanganye upya, pH hiyohiyo. Mbili usiguse pH, tia chuma cha DTPA. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kinyume chake kamwe.

NdooSita: Siku ya kumi. Zote sita zinatoa majani ya kijani, na mimi sikutegemea. Zilizomwagwa zimewahi kidogo, labda siku moja. Za pH tu zimefuata. Za DTPA nazo zimekubali. Yale ya njano ya zamani yamerudi nusunusu tu.

kijani_kibichi: Kwa hiyo sikukosea 😀

FundiMaji: Hukukosea. Umetumia lita 40 kufanya kazi ya matone machache ya asidi.

Bi Shina: Zile mbili za DTPA zishushe pH pia, usijisahau. pH ikiwa juu hivyo hata manganizi inaadimika, na njano yake inafanana na ya chuma, utarudi kutuuliza swali lilelile. Kama maji yako ya kujazia ni magumu, pH itapanda kila ukijazia. Ipime kila siku.

NdooSita: Sawa mama. Swali la mwisho: ndoo ya tatu maji yameshuka vidole vinne na EC imepanda hadi 2.7. Niijazie mbolea?

Bi Shina: Hapana. Huo mche unakunywa maji kuliko chakula. Jazia maji matupu, pima tena kesho. EC ingeshuka pamoja na maji, hapo ndipo ungeongeza mbolea.