Mnaouza Mac za 2012 "zenye Sonoma": acheni kuwaambia wateja spika zao ni mbovu!

Wakuu, salaam.

Hili sasa limezidi. Mtu ananunua MacBook Pro ya 2012 au Mac mini ya 2014, anaambiwa "hii ina Sonoma, haina shida" (Sonoma ni toleo la macOS, mfumo wa kuendeshea Mac). Anafika nyumbani, anafungua Music arushe nyimbo kwenye spika ya sebuleni kwa AirPlay, njia ya Apple ya kurusha sauti kupitia mtandao: spika haionekani. Au inaonekana, inaunganika, halafu kimya. Au inaimba huku inakatakata. Akirudi dukani anaambiwa spika imekufa. Ananunua nyingine, anabadilisha na rauta, tatizo liko palepale. Huo ni wizi, hata kama haukukusudiwa.

Ukweli mnaouficha ni huu. MacBook Pro ya 2012 Apple waliifikisha Catalina, toleo la zamani la macOS, basi. Mac mini ya 2014 waliifikisha Monterey. Chochote zaidi ya hapo mmekipandisha kwa OpenCore Legacy Patcher, programu inayoweka macOS mpya kwenye Mac ambazo Apple wameziacha. Hiyo programu ni ya bure, ni nzuri, imeokoa mashine nyingi, na sina ugomvi nayo hata kidogo. Ugomvi wangu ni kumkabidhi mtu mashine bila kumwambia inaishi kwa pachi (viraka vya programu).

Kwenye Sonoma, mwaka 2023, Apple waliondoa drayva za kadi za Wi-Fi za Broadcom zilizomo kwenye mashine hizi. Patcher inazirudisha kwa kuzipachika ndani ya diski ya mfumo. Sasa sikilizeni vizuri: kila sasisho la macOS linaiandika upya sehemu hiyo, na pachi zote zinafutika. Mteja anabonyeza Update usiku, asubuhi hana Wi-Fi, muziki wa nyumba nzima umezima. Dawa ni kufungua OpenCore Legacy Patcher, kuingia Post-Install Root Patch, kubonyeza Start Root Patching, kisha kuwasha upya. Lakini mashine zenye grafiki za Intel HD 4000 zinahitaji pia kupakua kifurushi kikubwa kutoka Apple kinachoitwa KDK (Kernel Debug Kit), na utapakuaje bila Wi-Fi? Kwa kebo ya mtandao. MacBook Pro ya kawaida ya 2012 ina tundu lake. Ya Retina inataka adapta ya Thunderbolt. iPhone kwa waya wa USB nayo inafaa. Simu nyingi za Android Mac haizitambui, msipoteze muda huko. Na zimeni masasisho ya kujiendesha kabla ya kuuza!

Wi-Fi ikiwa hai na spika bado haionekani, msibahatishe. Fungua Terminal, andika:

dns-sd -B _raop._tcp

Acha sekunde kumi, kisha Control+C. Jina la spika likitokea hapo, mtandao ni mzima na kasoro iko kwenye programu. Lisipotokea, chomeka kebo urudie. Likionekana kwa kebo na si kwa Wi-Fi, matangazo ya mDNS, ambayo spika hujitambulisha nayo mtandaoni (anwani 224.0.0.251, poti ya UDP 5353), hayapiti hewani. Mara nyingi Mac imeunganishwa kwenye Wi-Fi ya wageni, au rauta ina AP isolation (kuzuia vifaa vya Wi-Fi visionane) imewashwa, au IGMP snooping yake (uchujaji wa matangazo ya mtandaoni) inafanya kazi vibaya. Badilisha kitu kimoja, pima tena, ndipo uguse kingine. Likikosekana hata kwa kebo, spika haiko kwenye mtandao ule. Anzia kwenye spika.

Inaunganika lakini kimya? Angalia firewall (ukuta wa kinga wa Mac) kwanza. Kwenye AirPlay ya zamani (ya kwanza, kabla ya AirPlay 2) spika yenyewe inairudia Mac kwa UDP kuuliza saa, ili sauti iende sawa. Ukiwa umewasha Block all incoming connections, maswali hayo yanagonga ukuta. System Settings, Network, Firewall, Options, zima hicho kipengele.

Kukatakata ndiko kunakowachanganya wengi, na ndiko mafundi wanakodanganya zaidi. Kadi moja ya Wi-Fi inafanya kazi mbili: inashika rauta, na kila mara inaruka chaneli nyingine kutafuta vifaa vya AirDrop (huduma ya Apple ya kutumiana mafaili) kupitia kiungo kiitwacho awdl0. Kila inaporuka, pakiti za muziki zinasubiri. Pima hivi wakati wimbo unaendelea:

sudo ifconfig awdl0 down

Kukatika kukikoma, mchawi umempata. Mfumo unaweza kukiamsha tena wenyewe, kwa hiyo zima AirDrop na Handoff, au weka 5 GHz ya rauta kwenye chaneli 44 au 149, ambazo AWDL (kiungo hichohicho cha AirDrop) yenyewe inazitumia, ili kadi isiruke mbali. Kebo inamaliza yote haya. Kwa Mac mini inayokaa sehemu moja, sioni sababu ya kutumia Wi-Fi kabisa.

Kuchelewa kwa kama sekunde mbili baada ya kubonyeza play si ugonjwa. AirPlay ya kwanza ndivyo ilivyo.

Halafu kuna huu mchezo wa kuacha OpenCore (sehemu ya Patcher inayowasha mashine) kwenye flashi ya usakinishaji. Mteja anachomoa flashi, anakutana na alama ya katazo. Isakinishe kwenye diski ya ndani! Na akifuta NVRAM (kumbukumbu ndogo ya mipangilio ya kuwasha), aelezwe ashikilie Option wakati wa kuwasha, achague EFI Boot huku ameshika Control, ili uchaguzi ubaki.

NYONGEZA, kwa walioniuliza chini:

Sequoia (toleo lililofuata Sonoma): programu zisizo za Apple zinahitaji ruhusa kwenye Privacy & Security, Local Network. Zima, washa, fungua programu upya.

AirPort Express (kisanduku cha Wi-Fi cha Apple chenye tundu la spika): modeli A1392 ya 2012 ikiwa na firmware 7.8 inapokea AirPlay 2. A1264 na A1084 ni AirPlay ya kwanza tu, na A1084 haifunguki kwa AirPort Utility 6, inataka 5.6.

Kuigeuza Mac ya 2012 iwe spika ya iPhone: Monterey iliruhusu hilo kwa MacBook Pro za 2018 kuendelea. Kipengele cha FeatureUnlock ndani ya Patcher hulazimisha, lakini mashine ikianza kuganda, kirudishe kwenye Disabled, jenga OpenCore upya, washa upya. Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bei nafuu) yenye shairport-sync, programu ya kupokea AirPlay, inaifanya kazi hiyo vizuri zaidi. Kwa AirPlay 2 ongeza nqptp, programu ya kulinganisha saa, na uache wazi UDP 319 na 320.