Tupeane uzoefu: ruta uliyojijengea imegoma kwenye anwani, chanzo kilikuwa nini?

Mwanzisha mada
Wakuu, heshima kwenu. Najua humu wapo waliochukua kompyuta kuukuu, wakachomeka kadi ya pili ya mtandao, wakaweka mfumo wa OpenWrt, pfSense au Linux ya kawaida, ikawa ruta ya nyumba nzima. Kazi hii naipenda sana, maana ruta ya namna hiyo unaijua nje ndani. Kinachonisikitisha ni kwamba ikigoma, wengi hufuta kila kitu na kuanza upya, na ushahidi unapotea. Anwani ambayo kifaa kimepata, au kimekosa, inakuelekeza tatizo liliko. Kwa hiyo naomba kila mmoja aseme: uliona namba gani, na mwisho wake ukagundua nini?

Naanza mimi. Kompyuta zote nyumbani zilionyesha anwani inayoanza na 169.254. Hiyo haigawiwi na ruta. Kompyuta hujipa yenyewe baada ya kuita DHCP, huduma inayogawa anwani, na kukosa jibu. Taa za swichi zilikuwa zinacheza, waya mzima. Nikachomeka skrini na kibodi kwenye ruta, nikaandika `ip addr`, amri inayoonyesha kadi na anwani zake. Kumbe kadi iliyokuwa ikiitwa enp2s0 sasa ni enp3s0! Siku hiyo niliongeza kadi nyingine kwenye ubao, na Linux hutoa majina hayo kwa kufuata namba za PCI, yaani njia ambayo kadi huunganishwa kwenye ubao. Kifaa kipya kikisogeza namba, majina nayo yanahama. dnsmasq, programu inayogawa anwani kwenye ruta yangu, ilikuwa bado inasubiri wateja kwenye jina la zamani. Nikatengeneza faili la .link la systemd (programu inayosimamia huduma za Linux) linalotambua kadi kwa anwani yake ya MAC, namba ya kadi yenyewe, na kuipa jina lan0. Sasa naongeza na kutoa kadi nitakavyo, lan0 haitikisiki.

Mdau, Arusha
Kwangu anwani zilipatikana vizuri, 192.168.1 na kuendelea, ukurasa wa ruta unafunguka, ila intaneti hamna. Modemu ya mtoa huduma ilikuwa inatumia 192.168.1.1, na OpenWrt ukiiweka tu huanza na hiyohiyo 192.168.1.1. pfSense nayo vilevile. Ruta ikawa na mtandao mmoja mlangoni na uleule sebuleni, haijui pakiti ipitie wapi. Nikahamisha upande wa ndani kwenda 10.47.12.1, mambo yakanyooka hapo hapo. Nashauri uchague namba isiyo ya kawaida tangu mwanzo. Ukibaki na 192.168.1, siku ukija kuunganisha VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wa mbali) ya ofisini, na ofisi nayo inatumia hiyo, utarudi kwenye shida hiyohiyo.

Mdau, Kisumu
Yangu ilinitesa kweli, kwa sababu haikuwa ya kila kifaa. Simu moja iko hewani, nyingine haipati kitu, na kesho yake wanabadilishana. Nikalinganisha anwani: zinazofanya kazi zilikuwa 10.0.5, zisizofanya zilikuwa 192.168.0. Hapo nikajua kuna wawili wanaogawa. Nikaichukua anwani ya lango (kifaa cha kupitia kwenda nje) la hizo mbovu, nikaipigia ping, yaani kuiita ijibu, kwenye kompyuta iliyopata 192.168.0, kisha nikaangalia `arp -a`, amri inayoonyesha MAC ya kila anwani. Nusu ya kwanza ya MAC humtaja mtengenezaji wa kifaa, na ilinipeleka moja kwa moja kwenye ruta ndogo ya zamani iliyochomekwa chumba cha nyuma kusambaza Wi-Fi. DHCP yake ilikuwa ingali inafanya kazi, na mteja humfuata anayejibu kwanza. Niliizima DHCP, nikaibadilishia anwani, nikaiacha na kazi ya Wi-Fi tu.

Mdau, Dodoma
Mkuu wa Kisumu, kwa mwenye simu tu, hiyo anwani ya lango anaionaje?

Mdau, Kisumu
Kwenye Android nyingi, ingia kwenye Wi-Fi, gusa jina la mtandao uliounganishwa, fungua maelezo yake. Anwani ya IP na ya lango zote ziko hapo.

Mdau, Kigamboni
Mimi nilitaka kuona kamera za nyumbani nikiwa safarini. Nimefungua poti (mlango wa kupokea mawasiliano kutoka nje) kwenye ruta, nimehakiki kila mstari, haifiki. Ndipo nikatazama anwani ya upande wa nje: 100.72 na kuendelea. Ndugu zangu, kuanzia 100.64 hadi 100.127 ni eneo lililotengwa mwaka 2012 kwa ajili ya watoa huduma kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Hata ufungue poti zote, anayekutafuta kutoka nje anaishia kwao. Kilichonisaidia ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya umma na kuifanya ruta yangu iipigie kwa WireGuard, aina ya VPN. Kwa kuwa safari inaanzia ndani kwenda nje, inapita.

Mdau, Morogoro
La haraka tu: ukiondoa ruta ya zamani ukaweka ya kujijengea, na upande wa nje hauna anwani kabisa, zima modemu kwa muda kisha uiwashe. Baadhi hukumbuka MAC ya kifaa cha kwanza na kukataa kingine. Ikishindikana, ipe ruta mpya MAC ya ile ya zamani.

Mdau, Mbeya
Kuna anayepata ujumbe wa anwani kugongana kila umeme ukikatika? Ruta ni OpenWrt, na printa nimeiwekea 192.168.1.120 kwa mkono.

Mwanzisha mada
Mkuu, OpenWrt kwa kawaida hugawa kuanzia .100 hadi .249, kwa hiyo printa yako imekaa ndani ya eneo la kugawiwa. Orodha ya waliopewa huwekwa kwenye /tmp, ambayo ni kumbukumbu ya muda, umeme ukikatika inafutika. Ruta ikiwaka, dnsmasq huipigia anwani ping kabla ya kuitoa, lakini kama printa bado imezimwa, hakuna wa kujibu, na simu inapewa .120. Ipeleke printa .20, au iache ichukue DHCP na uitengee anwani kwa MAC yake kwenye ruta. Mimi ningechagua hiyo ya pili, maana anwani zote unaziona sehemu moja.