Mashine ya aiskrimu nyumbani: inafaa au ni pesa za kuweka juu ya kabati?

MAMA WA MIGOSI, KISUMU (anafungua mjadala)

Hamjambo ndugu zangu. Kwenye chama chetu kumezuka ubishi, na naona heri tuulete hapa wazi. Mwenzetu mmoja alipendekeza sehemu ya pesa za Desemba zinunue mashine moja ya aiskrimu, izunguke kwa wanachama kama tunavyozungusha viti na sufuria kubwa za matanga. Nusu ya mkutano ikakataa. Wakasema hizo ni anasa za watu wa Milimani, aiskrimu iko kila kona kuanzia barabara ya Oginga Odinga mpaka Kondele, na mashine itatumika Krismasi moja kisha ipigwe na vumbi.

Mimi nasema inafaa, na nasema hivyo nikijua bei ya krimu ilivyo.

Tuanze na kile tunachonunua dukani. Aiskrimu huuzwa kwa lita, haiuzwi kwa kilo, na ndani ya hiyo lita kuna hewa. Hewa lazima iwepo, bila hiyo utakula jiwe. Shida ni kiasi. Kiwandani mchanganyiko wa nusu lita unaweza kupigwa hewa mpaka ujaze kopo la lita nzima. Marekani wameweka mpaka kisheria: galoni moja isipungue ratili 4.5, yaani kama gramu 540 kwa lita. Mashine ndogo ya nyumbani haina nguvu ya kuingiza hewa kiasi hicho, kwa hiyo lita yake hukaribia gramu 800. Anayelinganisha lita na lita hajalinganisha kitu. Peleka makopo yote mawili kwenye mizani ya bucha, ndipo tuzungumze bei.

Halafu someni yale maandishi madogo ubavuni mwa kopo. Nyingine za bei nafuu zimetengenezwa kwa mafuta ya mimea badala ya mafuta ya maziwa. Si sumu, lakini mtoto wangu akila aiskrimu nataka iwe maziwa kweli, na sukari niliyoipima mwenyewe. Kwa nusu lita ya maziwa na robo lita ya krimu mimi huweka gramu 130 hivi. Siwezi kushuka sana chini ya hapo, kwa sababu sukari ndiyo inayozuia mchanganyiko usigande wote ukawa barafu tupu. Ila najua nimeweka nini.

Na kuna ladha ambazo hakuna kiwanda kitakachonitengenezea. Msimu wa maembe ukifika Kibuye, ukapata yale yaliyoiva mpaka yanalegea, ambayo mama anayeuza anataka yaondoke kabla ya jioni, hiyo ni aiskrimu ya wiki nzima. Njugu karanga zilizokaangwa zikapondwa kidogo tu, zibaki na chembe za kutafuna. Pasheni. Ukwaju. Kisumu jua linawaka karibu mwaka mzima, na bado tunakula vanila na stroberi kana kwamba hatuna matunda.

Haya, wanaopinga waje.

FUNDI WA FRIJI, KONDELE

Mama, nakuunga mkono nusu. Watu wanabishana juu ya mashine wakati kazi kubwa iko kwenye friza.

Mashine nyingi za bei ya kawaida ni za bakuli. Lile bakuli lina kuta mbili, katikati kuna maji maalumu yanayoganda. Unaliweka kwenye friza kati ya saa 16 na 24 kabla ya kupika chochote. Siku ya kutengeneza, litikise karibu na sikio. Ukisikia maji yakicheza ndani, rudisha, halijawa tayari, utapata maziwa baridi na hasira. Friza inatakiwa ifike nyuzi 18 chini ya sifuri. Zile friji za mlango mmoja zenye kisanduku cha barafu juu, nyingi hazifiki hapo, hasa kukiwa na joto la hapa kwetu na mlango unafunguliwa kila dakika. Nimeitwa zaidi ya mara moja kutengeneza mashine "iliyokufa", nikaikuta nzima kabisa. Raba ya mlango wa friza ndiyo ilikuwa imechanika.

Kuna aina nyingine yenye kompresa yake ndani. Hiyo haihitaji friza wakati wa kutengeneza, na mwenye hofu ya stima nimtoe wasiwasi: nyingi hula wati 150 hadi 200, kwa hiyo ukiiendesha saa nzima haimalizi hata robo ya uniti ya tokeni. Lakini bei yake ni ya juu sana. Na kwa chama, sikilizeni vizuri. Kitu chenye kompresa hakipendi kuhamishwa. Kikilazwa ubavu kwenye bodaboda, oili ya kompresa huingia kwenye mabomba. Lazima kisimame wima saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, mtakiua. Kama mnataka ya kuzunguka, nunueni ya bakuli, na kila mwanachama akaguliwe friza kwanza.

BABA WA MBALE, VIHIGA

Dada yangu wa Migosi, ladha siikatai. Ninachokataa ni mashine.

Mke wangu hutengeneza aiskrimu bila mashine yoyote. Nusu lita ya krimu anaipiga mpaka isimame, anaichanganya taratibu na kopo moja la maziwa mazito yenye sukari, anatia vanila, anafunika, anaacha kwenye friza usiku kucha. Asubuhi inachoteka. Na kama krimu ni ghali, ndizi ziko. Ndizi zilizoiva mpaka zina madoa, zikatwe, zigande, zisagwe kwenye blenda. Hakuna krimu wala sukari, na watoto wanagombania bakuli. Huku kwetu ndizi hazinunuliwi, ziko nyuma ya nyumba.

Sasa niambie, nitoe elfu kadhaa za chama ninunue nini ambacho mwiko na blenda havijanipa?

Halafu mmesahau stima. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima ilizimika, na kabla ya mwaka kuisha ikazimika tena Novemba na Desemba. Hizo ni zile kubwa zilizotangazwa. Sisi wa mashinani transfoma ikilipuka tunaweza kukaa gizani siku kadhaa. Aiskrimu ikiyeyuka kisha ikaganda tena huwa na vipande vya barafu vinavyosaga meno, na iliyoyeyuka kabisa haifai kurudishwa kwenye friza, kwa sababu bakteria wameshapata nafasi. Chama kinunue tangi la maji. Maji mtayatumia kila siku.

MWALIMU WA SAYANSI, NJORO

Naomba niweke jambo moja sawa, maana Baba wa Mbale ameuliza mashine inampa nini.

Inampa udogo wa chembe. Maji yaliyomo kwenye maziwa yakiganda yametulia, hutengeneza fuwele kubwa, yaani chembe za barafu. Zikipita mikroni 50 hivi (mikroni elfu moja ni milimita moja), ulimi huzihisi kama mchanga. Mashine huzungusha mchanganyiko dhidi ya ukuta wenye baridi kali, panga lake linakwangua ule utando mwembamba kabla haujakua, na papo hapo hewa inaingia. Njia ya krimu iliyopigwa hukwepa tatizo hilo kwa mafuta mengi na sukari nyingi. Ni tamu, nakubali, lakini huwezi kuipunguza. Mtu mwenye kisukari nyumbani, au anayetaka aiskrimu nyepesi ya maziwa au ya mtindi, njia hiyo itamwangusha. Ndizi nayo nzuri, ila kila utakachotia kitakuwa na ladha ya ndizi.

Kuhusu stima, kuna mashine isiyohitaji hata tone la umeme. Nancy Johnson wa Philadelphia alipata hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1843: ndoo ya mbao, kopo la chuma ndani, panga ndani ya kopo, mkono wa kuzungushia juu. Katikati ya ndoo na kopo unajaza barafu na chumvi, kama sehemu moja ya chumvi kwa nne za barafu. Chumvi hushusha kiwango cha kuganda, barafu inayeyuka huku ikivuta joto kutoka kwenye maziwa, na ule mchanganyiko unaweza kukaribia nyuzi 20 chini ya sifuri. Nimewaonyesha wanafunzi wangu kwa kopo dogo ndani ya beseni. Walipoona umande ukiganda kuwa theluji nje ya beseni, somo zima la joto fiche, lile joto ambalo kitu huvuta kikiyeyuka, waliingia nalo mtihanini bila shida.

Ninyi wa Kisumu barafu mnayo. Ile inayouzwa ufuoni kwa ajili ya samaki inatosha, kwa sababu haigusi chakula, iko nje ya kopo. Hakikisheni tu kifuniko kimekaza na kopo linapanguswa kabla ya kufunguliwa, la sivyo mtakula aiskrimu ya chumvi.

MUUZAJI, AHERO

Mimi nauza kwa kikombe, nje ya shule na sokoni. Yeyote anayefikiria kununua mashine ya nyumbani ili afanye biashara, aache. Inatoa lita moja au lita na nusu, halafu bakuli lirudi kugandishwa siku nzima. Wateja kumi wamekuja, umemaliza. Na ukiuza unahitaji kibali cha kaunti na cheti cha afya. Ya nyumbani ibaki ya nyumbani.

MAMA WA MIGOSI, KISUMU

Asanteni, mmenifungua macho pande nyingi, na Fundi ameokoa pesa za watu leo.

Baba wa Mbale, nakuheshimu, na ndizi za mke wako nitazijaribu wiki hii. Lakini hilo la tangi si haki. Chama chetu kilishanunua matangi miaka iliyopita, kila mwanachama analo. Sisi wanawake kila tukitaja kitu cha kufurahisha nyumba tunaambiwa kuna kitu cha lazima zaidi. Jumapili mchana wajukuu wakiwa uani, kuna kitu kibaya gani mama akiwa na chombo cha kuwapa maembe ya Kibuye yaliyoganda laini? Mashine moja kwa watu wengi, kila mtu ametoa kidogo, hiyo si anasa ya Milimani. Hasara waliyoitaja wenzetu mkutanoni, ya mashine kukaa kabatini, huja pale kila nyumba inapojinunulia yake.

Stima nakubali ni kweli. Ndiyo sababu naona tutengeneze ya kuliwa siku hiyohiyo. Ikitoka kwenye mashine ni nzito kama uji wa wimbi uliokolea. Ipe saa tatu kwenye friza, ilete mezani, iishe. Hatuna sababu ya kuifanya akiba.

Na wale wanaotia viini vya mayai, tafadhali, msitie vibichi. Pika maziwa na viini pamoja, moto mdogo, ukikoroga bila kuacha mpaka mchanganyiko ushike mgongo wa mwiko. Mwenye kipimajoto atazame nyuzi 82 hivi. Mwenye hofu aache mayai kabisa, atie kijiko cha wanga wa mahindi kama wanavyofanya Sicily, kisha apoze mchanganyiko kwenye friji usiku mzima kabla ya kuutia kwenye bakuli.

Ile ndoo ya Mwalimu imenishika. Mafundi wa jua kali hapa wanaweza kuunda kitu cha namna hiyo. Sharti langu ni kopo la ndani liwe la chuma kisichoshika kutu. Mabati yenye zinki na maji ya ukwaju sitaki kuyaona pamoja. Nitapeleka pendekezo jipya mkutanoni: ndoo moja ya mkono, na mashine moja ya bakuli ikae kwa yule mwenye friza nzuri.

Linalobaki ni krimu. Hapa Kisumu maziwa mengi yanatoka mbali na bei inatuumiza. Mwalimu, huko Njoro mmezungukwa na ng'ombe. Krimu ikipakiwa Nakuru kwenye matatu ya asubuhi, itatufikia ikiwa salama?

MWALIMU WA SAYANSI, NJORO

Itafika, kwa masharti. Ichemshwe huku kwanza, ipozwe mpaka iwe baridi kabisa, ijazwe kwenye chupa safi mpaka shingoni ili isisukwesukwe ikawa siagi njiani. Kisha iwekwe kwenye boksi la kuhifadhi baridi pamoja na chupa za maji yaliyogandishwa. Safari ni saa tatu au nne kama barabara haijafungwa. Mtu awe stendi akiisubiri, isikae juani. Niambie mnataka lita ngapi, nitauliza hapa jirani wanauzaje.