Hedi na kamshafti za 4A-GE: tupeane uzoefu

ResiZaUsiku
Wakuu, naunda 4A-GE, injini ya Toyota ya valvu 16. Kirinyaga Road hapa Nairobi nimepata hedi (vichwa vya injini) mbili: ya matundu makubwa ya hewa, ile iliyoanza na Corolla AE86 mwaka 1983, na ya matundu madogo iliyokuja baadaye. Kamshafti, mhimili unaofungua valvu, pia ni chaguo: digrii 264 au 288, yaani muda valvu inavyokaa wazi. Za kiwandani ni 240. Gari ni la barabarani, mara moja moja nalipeleka uwanja wa mbio wa Whistling Morans. Nani ameziendesha? Ya kusoma nimeshasoma.

WaDonholm
Hedi zote mbili nimezifunga kwenye gari moja. Matundu makubwa hupitisha hewa nyingi resi (mizunguko ya injini) zikiwa juu, lakini chini hewa inajikokota na gari linalala. Ndiyo maana Toyota waliitia TVIS, vibao vinavyofunga njia moja kati ya mbili za kila silinda hadi resi zipande. Fundi alitaka kuving'oa eti "ipumue". Nilikataa katakata. Ya matundu madogo haina TVIS wala haiihitaji. Jogoo Road asubuhi, gia ya pili, ukikanyaga inaitika.

FundiBabaDogo
Mimi niseme kamshafti. 288 huchelewa kufunga valvu ya kuingiza hewa; pistoni imeshaanza kupanda na sehemu ya hewa inasukumwa irudi ilikotoka. Resi zikiwa juu, kasi ya hewa hulishinda hilo. Zikiwa chini, nguvu hakuna, na hata msaada wa vakiumu kwenye breki hupungua. Kumbuka Nairobi tuko karibu mita 1,800, hewa ni pungufu kama moja ya tano kuliko ya pwani. Kamshafti inayosifiwa YouTube na mtu anayekaa usawa wa bahari, hapa inakuaibisha kwenye taa za trafiki. Ukiing'ang'ania, pandisha mgandamizo wa hewa kwenye silinda, weka springi ngumu za valvu, na kompyuta ya injini ipangwe upya. 264 haina makeke hayo.

Na yoyote utakayochagua, usiwashe kabla ya kupima nafasi kati ya valvu na pistoni: plastisini (udongo laini wa kuchezea watoto) juu ya pistoni, funga hedi, zungusha krenki kwa mkono, fungua, kata upime unene. Upande wa kuingiza hewa nataka milimita 2, wa kutolea moshi 2.5.

MpwaniWaSouthB
Huo mgandamizo nao una yake. Hedi yangu ilisagwa ili kuupandisha kwa hewa ya Nairobi, gari likawa tamu ajabu. Kwenda nyumbani Mombasa, kuanzia mteremko wa Mariakani injini inagonga kila nikikanyaga. Hewa ya pwani ni nzito, silinda zinajaa kuliko zilivyozoea. Tulirudisha taimingi ya cheche nyuma kidogo Changamwe ndipo ikatulia. Siku hizi sishuki na gari hilo bila taa ya taimingi kwenye buti.

WaDonholm
@MpwaniWaSouthB na ukirudi unaipandisha tena?

MpwaniWaSouthB
Nikifika Voi. Mke wangu ameshazoea, anaenda kununua maji.

ResiZaUsiku
Basi matundu madogo na 264. Kuna anayeitaka hiyo 288 nimwelekeze duka?