Mrejesho: transiva za CAN zimepatikana
Wakuu, niliuliza pa kupata mbadala wa TJA1050 (chipu ya transiva, inayounganisha maikrokontrola na nyaya za CAN, mtandao wa mawasiliano unaotumika sana kwenye magari) maana zile za bei chee zilikuwa zinachemka na mawasiliano yanakatika. Aliyesema niende kwa msambazaji aliyeidhinishwa na nihakikishe chipu ina AEC-Q100 (kiwango cha ubora cha chipu za magari), ubarikiwe sana! Nilichukua TJA1051T/3, bodi mpya zinapiga kazi safi kabisa na hazichemki.

Bodi za zamani bado zimegoma hata na chipu hii, kwa sababu pini ya 5 kwenye TJA1050 ni Vref (inatoa volti rejea) na kwenye bodi hizo imeachwa wazi bila kuunganishwa, ila kwenye hii /3 ni VIO (inapokea umeme wa pini za mawasiliano na maikrokontrola), lazima ipewe volti zilezile za maikrokontrola. Kwa hizo nimeagiza TJA1051T ya kawaida, pini ya 5 haitumiki, nasubiri mzigo. Asanteni mno.